Kabana ya kisiwani au spa ya melini? Nampeleka mama kruzi, nisaidieni kabla sijamwaga hela

MwanaTanga_ATL

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada kwa wale mlioshapanda hizi meli za kitalii maana wiki nzima silali vizuri nafungua apu nafunga. Mama yangu yuko kwetu hapa Atlanta tangu mwezi uliopita, katokea Tanga, katimiza 65, na sisi watoto tumechangishana tumtoe kruzi ya siku nne, tunapandia Port Canaveral, meli ni Utopia of the Seas, Jumatatu mpaka Ijumaa, inapita Nassau kule Bahamas na kile kisiwa cha kampuni ya meli wenyewe, Royal Caribbean, kinaitwa CocoCay. Mambo ya viza na pasipoti tushamaliza msinianzishie huko tafadhali.

Sasa tuko sita, mama, mie, mume wangu, mdogo wangu wa kike na watoto wawili, mkubwa ana miaka 11 mdogo 7. Nimeingia sehemu ya kununua vya ziada nikakuta kabana, vile vibanda vya kukodi vya kukaa kivulini, za kule kisiwani ziko za kila namna, za ufukweni, za kwenye pool, za juu ya maji, ya bei ya chini niliyoiona ni dola 649 na zile za juu ya maji 1,799, na hiyo ni siku moja jamani, siyo wiki, tena siku yenyewe asubuhi mpaka jioni tu mnarudi melini. Kisiwa chenyewe waja leo waondoka leo kama kwetu! Mume wangu yeye anasema tuachane na kabana tumnunulie mama spa, ile pasi ya kuingia sehemu ya joto, sauna na vile vitanda vya moto, eti ndiyo itamsaidia magoti.

Mama mwenyewe mumjue: anavaa buibui, goti la kulia linamsumbua hatembei mbali, na ana presha anameza dawa. Anapenda kukaa kivulini na watu wake na chai yake, kuogelea labda achovye miguu. Nilipomwambia kuhusu spa akaniuliza "Mie nisingwe na mtu simjui, naolewa tena?" maana kwetu anayesingwa, kukandwa mwili mzima, ni bibi harusi, nikacheka lakini sikujua nimjibu nini.

Kwa hiyo kabana zile zina faragha kweli au ni picha tu? Spa ina saa za wanawake peke yao? Na ninunue sasa hivi au nisubiri nikipanda, maana kuna dada kazini kaniambia ukingoja melini wanashusha bei. Hela tuliyotenga kwa vya ziada ni dola 900, zaidi ya hapo ni kukopa na mie sikopi kwa ajili ya kivuli.

KibaoChaMbuzi

Dada pole kwa kukosa usingizi, mimi niko Houston na CocoCay nimeenda mara mbili, mara ya kwanza bila kabana mara ya pili na kabana tulikuwa familia mbili tukagawana. Nikueleze nilivyoona.

Kwanza huyo dada wa kazini msamehe tu, kabana hazisubiri mtu. Meli za aina ya Utopia zinabeba watu zaidi ya elfu tano na mara nyingi mnakuwa meli mbili kwenye gati kwa siku moja, kabana zenyewe chache, ukipanda unakuta zimebaki zile za bei ya kuumiza au hamna kabisa. Nunua sasa hivi. Uzuri ni kwamba ukinunua kabla ya safari unaweza kufuta ukarudishiwa hela yako yote ilimradi usivuke ile siku ya mwisho wanayoandika, kwa hiyo ninachofanya mimi nanunua mapema halafu kila baada ya siku mbili tatu naangalia bei, ikishuka nabuku ile mpya kwanza ndiyo nafuta ya zamani, na usifanye kinyume chake maana ukifuta kwanza mwenzio anaweza kuinyakua wakati wewe unatafuta namba ya kadi. Ile yetu ilishuka mara mbili hivyo hivyo.

Pili angalia eneo kabla ya bei. Kabana za Oasis Lagoon ziko kwenye lile bwawa kubwa, muziki mtupu kutwa, DJ na baa ya ndani ya maji, mama wa 65 atakulaani. Hideaway Beach sahau, ni watu wazima tupu miaka 18 kwenda juu, wanao hawaingii. Za Thrill Waterpark zinakuja na tiketi za kuingilia kwenye yale mateleza, ni nzuri kama wanao wanataka kuteleza kutwa na tiketi mngenunua hata hivyo, piga hesabu hapo, ila bibi atakuwa anasikiliza mayowe. Chill Island ndiyo kimya, ufukwe wa kawaida, maji hayana fujo, mimi hapo ndipo nilipokaa. Na zile za juu ya maji ziko Coco Beach Club, kuna neti ya kulalia juu ya bahari na kiteleza cha kuingia majini moja kwa moja, na chakula cha pale ndani kiko kwenye bei, kamba wakubwa na samaki. Tamu lakini kwa mama anayechovya miguu tu unalipia kiteleza cha nani?

Goti lisikutishe, kutoka gatini kuna vile vigari vinavyozunguka kisiwa bure, na ukiomba wanavyo viti vya magurudumu vya mchangani vyenye matairi manene. Jitahidi mshuke mapema maana foleni ya vigari saa nne asubuhi siyo ndogo.

kevo_wa_roysa

Mimi nitakuwa devil wa hii thread. $649 ya kukaa kwa kivuli? Madam CocoCay viti na miavuli ni bure kabisa, buffet ya Chill Grill ni bure, maji ya chumvi ni ya Mungu. Tulienda na wife tukashuka saa mbili unusu, by saa tatu tulikuwa tumeshachagua viti vinne chini ya mnazi, karibu na choo na karibu na chakula, siku nzima hakuna mtu alitusumbua. Hiyo doo mpelekee mama shopping Nassau ama mnunulie kitu atarudi nayo Tanga. Kabana ni ya watu wa kupiga picha.

KibaoChaMbuzi

@kevo wewe na wife sawa. Huyu ana watu sita, mtoto wa miaka saba, na mama wa buibui mwenye goti. Mnazi si mahali pako peke yako ndugu yangu, na kivuli cha mnazi kinahama.

kevo_wa_roysa

Kivuli kinahama hiyo ni kweli, saa nane nilikuwa nimeungua mguu mmoja tu 😂 Ok nimenyamaza.

MzeeWaMataulo

Salaam kutoka Likoni. Nimeona swali la spa nikasema hapa lazima niingie kwa sababu nimefanya kazi melini kontrakti tatu, siyo meli hiyo yenu, kampuni nyingine nisiyoitaja, na kazi yangu ilikuwa ndani ya hiyo hiyo sehemu ya joto, kukunja mataulo, kujaza birika la maji ya ndimu na kupangusa vitanda.

Mwanangu huyo mumeo ana nia njema lakini hiyo pasi si ya mama yako. Nikueleze mlivyo mle. Unaingia kuna vitanda vya vigae vimepinda kama herufi S, vina joto la ndani, ukilala mgongo unashika moto taratibu kama umelala kwenye baraza iliyopigwa jua la alasiri. Halafu kuna chumba cha stimu, huoni mkono wako, kuna sauna ya mbao ya joto kavu, kuna shawa za mvua za kila aina. Raha ni raha, sikatai, nimeona watu wanakoroma humo. Lakini ni mchanganyiko, wanaume na wanawake pamoja, wote na nguo za kuogelea, na sikuwahi kuona saa za wanawake kwenye meli nilizofanya. Na juu ya hapo presha. Kabla hujaingia utapewa karatasi ujaze, moyo, presha, sukari, mimba, siyo urembo ile karatasi. Joto kali linapanua mishipa presha inashuka, na mtu anayemeza dawa za presha akisimama ghafla pale kwenye kigae anaona giza. Nimemdaka mzee mmoja wa Kizungu kwa kwapa hivi, kidogo tu kichwa kingepiga ukingo. Amuulize daktari wake kwanza, na akikatazwa asidanganye kwenye karatasi.

Halafu hesabu. Nyinyi siku nne: siku ya kwanza mnapanda mchana mnahangaika na vyumba na mazoezi ya usalama, siku moja Nassau, siku moja kisiwani, mnabaki na siku moja tu ya baharini, na siku ya baharini ndiyo watu wote wenye pasi wanakuja, vitanda vimejaa, wengine wamewekea taulo na kitabu wameenda kula. Sisi tuliambiwa tutoe taulo zikikaa muda bila mtu lakini ukizitoa mwenyewe anarudi na mdomo. Pasi ya safari nzima ina maana kwa safari ya siku saba na kuendelea yenye siku nyingi za baharini. Kwa siku nne acha.

Kama unataka mama aguswe magoti kidogo, fanya hivi. Siku ya kupanda spa iko wazi mnapitishwa bure mnaangalia, kuna na bahati nasibu, mpeleke akaone kwa macho yake asinunue kitu. Halafu siku ya Nassau, watu wameshuka wote, spa iko tupu, hapo ndipo wanatoa ofa za masaji. Omba mkandaji mwanamke, hiyo si ajabu wanaulizwa kila siku, chumba ni cha mtu mmoja na mlango unafungwa na anafunikwa shuka muda wote. Masaji ya miguu na mgongo dakika hamsini inamtosha. Juu ya bei wanaongeza asilimia fulani ya huduma kwa hiyo usije ukashangaa ukiona bili, tena usiongeze bakshishi mara mbili bila kujua, ile nafasi tupu kwenye risiti ni ya hiari.

Na ule mwisho! Akimaliza atakalishwa na maji ya ndimu ataambiwa mwili wake una sumu na ataandikiwa chupa tatu za mwani na mafuta za dola mia mbili na kitu. Mwambie mama aseme ahsante mwanangu nitafikiria. Hao wasichana wanaishi kwa kamisheni hawana ubaya, nilikula nao mezani, lakini mafuta ya nazi ya Tanga ni yale yale.

Bint_Muttrah

Mzee wa mataulo Mungu akuweke, "atakalishwa na maji ya ndimu" nimecheka mpaka nimemwaga kahawa, ilinikuta hiyo hiyo!

Mimi niko Muscat, kruzi zangu ni za huku Ghuba, zile za msimu wa baridi zinazoanzia Dubai au Doha na kuzunguka, nimepanda na mama mkwe ambaye naye ni wa buibui wa Unguja asili yake, kwa hiyo nazungumzia faragha tu. MSC, kampuni nyingine ya meli, walitushusha Sir Bani Yas, kisiwa cha Abu Dhabi, kwenye ufukwe wao, na kulikuwa na kabana za kukodi vile vile. Nilichojifunza ni kwamba neno "private" kwenye matangazo maana yake wewe peke yako umelipia, siyo kwamba huonekani. Kabana nyingi zimejengwa wazi kwa mbele zinatazama bahari, pazia likiwepo ni la jua na upepo ukija linapepea kama bendera. Sisi tulibeba shuka mbili za khanga na vibanio vya nguo vya plastiki, vile vya kamba ya kuanikia, dazeni moja, tukafunga upande mmoja mama mkwe akavua buibui akabaki na dera lake akanyoosha miguu. Mhudumu alikuja akatuangalia akacheka akatuletea vibanio vingine. Kwa hiyo dada kabla hujalipa tafuta video za watu waliokaa kwenye kabana ile ile, siyo picha za kampuni, uangalie mbele iko wazi kiasi gani na jirani yuko hatua ngapi.

Kuhusu spa, uliza mambo mawili. Baadhi ya meli zina sauna ndogo ndani ya chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake, hiyo haina pasi wala wanaume, siyo kila meli inayo ila kuuliza si ujinga. Na nyingine zina chumba cha rasul, mnapakwa udongo wenyewe kwa wenyewe halafu stimu, mnakodi wawili kwa muda wenu mlango umefungwa. Hiyo mimi na wifi yangu tulifanya na ikawa ndiyo singo yetu ya Kizungu, somo wa kutusinga hakuna tulipakana wenyewe. Lakini stimu ile ile, kwa presha ya mama muacheni, nenda wewe na mdogo wako.

Burkini, lile vazi la kuogelea linalofunika mwili, nilivaa kwenye pool ya meli na baharini hakuna aliyeniuliza. Na chakula, usingoje siku ya kisiwani, usiku wa kwanza mezani mwambie mkuu wa wahudumu kwamba mama anakula halali au samaki na mboga tu, wanaandika na kila jioni wanakuletea menyu ya kesho uchague.

KibaoChaMbuzi

Naongezea la hali ya hewa nililisahau. Gati la CocoCay limekaa wazi, upepo ukizidi meli haifungi, nahodha anapitiliza. Ilitukuta mara moja mwezi wa kwanza, tumeamka watoto wameshavaa miwani ya kuogelea, tukatangaziwa hakuna kisiwa. Hela ya kabana ilirudi kwenye akaunti ya chumba bila hata kuomba, lakini machozi ya mtoto hayana rifandi. Mwambie mama "tukijaaliwa" asiwe na uhakika sana.

Na kabana watu sita inawatosha, nyingi ni za sita mpaka wanane, soma idadi kabla hujabonyeza.

kevo_wa_roysa

Na kama hamchukui kabana ya island, kwa meli yenyewe kuna Solarium, ni ya watu wakubwa, miaka 16 kwenda juu, bure, imefunikwa na kioo, viti vizuri, kelele hakuna. Mama anaweza kaa hapo na chai siku ya bahari mkiwa na watoto kwa slides. Hii nasema serious sasa.

MwanaTanga_ATL

Jamani ahsanteni, sikutegemea. Nimesoma yote kwa sauti mezani, mume wangu alipofika kwa ule wa kudakwa kwa kwapa akaweka kijiko chini akasema basi, spa imekufa.

Nimefanya hivi. Nimebuku kabana ya Chill Island, jana ilikuwa 649, leo asubuhi nimeangalia kama alivyosema KibaoChaMbuzi nikakuta 589, nikabuku mpya nikafuta ya zamani, mikono inatetemeka kama naiba. Pasi ya joto hatununui. Siku ya Nassau mume wangu atashuka na watoto, mie na mama tunabaki, tutaangalia ofa ya masaji na mkandaji wa kike, asipotaka namkanda mwenyewe chumbani. Solarium nimeandika, ahsante kevo umejikomboa.

Swali moja tu limebaki kwa Mzee wa mataulo: video nimeziangalia, mbele wazi kabisa kama alivyosema Bint Muttrah, kwa hiyo khanga nabeba. Vile vibanio, usalama pale mlangoni hawatanishika?

MzeeWaMataulo

Vibanio pita navyo, hata kumi na nane. Kinachoshikwa ni pasi ya nguo, birika la umeme na mishumaa, kwa hiyo kama mama amefunga birika lake la chai begini litoe sasa hivi. Najua amelifunga.

MwanaTanga_ATL

Nimetoka kuangalia. Alilifunga. Na udi.